Mtoto Wako Amesoma Nini Leo?

Mtoto atokapo skuli adhuhuri, sare yake imejaa vumbi, wengi wetu humwuliza, "Umekula?" au "Kiatu cha pili kiko wapi?" Ni wachache wamwulizao amesoma nini. Na akiulizwa, jawabu lake ni moja tu: "Tumesoma." Basi mzazi huridhika, na khabari huishia hapo.

Mimi nami nalikuwa katika hao walioridhika. Yuko mtoto mmoja chuoni kwangu, hapa Tanga, umri wake miaka 7, aliyeingia darasa la kwanza mwezi wa Januari. Jioni moja alinisomea ukurasa mzima wa kitabu chake cha skuli kwa sauti nzuri, asikwame hata mara moja. Nikamsifu mbele ya wenziwe. Kesho yake nikaweka kidole katikati ya ukurasa ule ule, nikamwambia, "Anza hapa, mwanangu." Akanyamaza. Kisha akasema, "Maalim, hapo sipajui mpaka nianze juu." Kumbe alikuwa ameuhifadhi wote, na herufi azijuazo ndani yake hazifiki kumi! Sisi tufundishao Qur'ani twalijua sana jambo hili, kwani masikio ya mtoto hutangulia macho yake. Ndiyo maana naliona haya.

Nikaenda skuli, nikamwomba mwalimu wake ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa. Ni binti mdogo, umri wa wanangu. Akanipa kiti chake, yeye akasimama asubuhi yote.

Tangu 2015 mtaala wa Tanzania Bara kwa darasa la kwanza na la pili umekaza kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, na mtaala mpya ulioanza Januari 2024 haukuyaacha. Darasani mle hawakuanza kwa majina ya herufi ila kwa sauti zake. Kwanza a, e, i, o, u. Kisha m ikaambatanishwa na kila moja, zikatoka ma, me, mi, mo, mu. Na hapo hapo mtoto amekwisha pata mama na mimi. Si mbali na hija yetu ya alifu kwa juu, alifu kwa chini. Lakini yule binti huvuruga mpango kwa makusudi: huandika mu, ma, mo, mi, na asiyetazama ubao hana la kuimba. Hilo nimelichukua, nalifanya chuoni kwangu sasa.

Katika kuandika, naliona watoto wawili wakianzia mkono wa kulia wa daftari. Wenzao walicheka. Mwalimu hakucheka, wala hakuwapiga. Aliwachorea nukta nyekundu upande wa kushoto, ndipo waanzie. Wote wawili ni wanafunzi wangu. Mzazi aonaye hayo nyumbani asidhani mtoto amechanganyikiwa. Anajifunza khati mbili kwa wakati mmoja, na baada ya muda mkono huzoea.

Juma lijalo wataanza makumi. Kila mtoto aje na vijiti 50 vya urefu wa kidole, na uzi wa kufungia kumi kumi, ili 23 aione kwa macho kuwa ni mafungu mawili na vijiti vitatu. Vizibo vya chupa za soda pia vyafaa kuhesabia. Haviuzwi dukani, basi asiwepo wa kusema hana fedha.

Na kabla ya kufunga skuli mwezi wa Juni, wazazi wataalikwa kuwasikiliza watoto wakisoma. Kila mmoja atapewa ukurasa asiouona kabla. Yule mtoto wangu sasa husoma kwa kidole, pole pole, na hukwama sana. Mama yake, auzaye vitumbua asubuhi, alinijia akauliza kwa sauti ya chini, "Maalim, na sisi tusiojua kusoma twaweza kuja?" Nikamwambia aje, na akae mbele.