Sasisho la Saa Nane Usiku

KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini Kenya, ulianza mwaka 2012 na kwa kawaida huendeshwa kwenye seva za Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux. Seva kama hizo zinaweza kuwekewa skripti ndogo ya kupakua masasisho usiku, wagonjwa wakiwa hawapo.

Lakini chukulia kituo kilichoko Marani, Kaunti ya Kisii, umeme upotee saa nane usiku, wakati skripti hiyo imepangiwa kuanza. Cron, mpangaji kazi aliyezaliwa miaka ya 1970, hafidii zamu iliyopita. Kompyuta ikiwa imezimwa, sasisho limekosekana. Programu nyingine, Anacron, huifanya kazi hiyo kompyuta ikiwashwa tena. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa maeneo yetu.

Saa nayo ina mtego. Seva iliyoachwa kwenye majira ya UTC, ikipangiwa 06:00, huanza kazi Kisii ikiwa saa tatu asubuhi, kliniki imejaa.

Tena, Ubuntu 20.04 iliacha kupata masasisho ya kawaida Mei 2025. Skripti kwenye seva kama hiyo huendelea kufanya kazi kila usiku bila kuleta masasisho hayo. Mtunza seva, fungua kumbukumbu zake leo uzisome.