Kifurushi Hakiungi Waya

“Fundi, nipande hadi Mbps ngapi ndio intaneti iache kukatika?”

Swali hilo nimeulizwa Lodwar, nikaulizwa Kakuma, na mwezi uliopita Lokichoggio, na mama mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa ameshatoka Mbps 5 hadi 20. Nimechoka kulijibu kwa adabu. Kukatika si suala la spidi.

Nilipanda juu ya bati lake saa nane mchana. Kebo iliyoshuka kutoka kwenye redio ya mlingotini ilikuwa ya kijivu, ile ya kutumiwa ndani ya nyumba, na jua lilikuwa limeipasua kama ganda la njugu. Katikati fundi fulani alikuwa ameiunga kwa vidole, uzi kwa uzi, akazungushia tepu akaenda zake. Nikakwangua uzi mmoja kwa wembe. Nje mwekundu, ndani mweupe: alumini iliyopakwa shaba.

Kebo hiyo haibebi data peke yake. Ndiyo inayopandisha umeme wa redio. Kwa unene uleule, alumini huupinga umeme kuliko shaba kwa takriban asilimia 60, na ukinzani huo huongezeka kama asilimia 4 kila joto likipanda sentigredi 10. Bati la Turkana mchana mnalijua. Umeme unafika juu umechoka, redio inazima na kujiwasha, nanyi mnasema mtandao umeenda. Sasa nunua kifurushi kikubwa: redio inarusha data nyingi zaidi, inadai umeme zaidi, na huenda ikazima mara nyingi kuliko mwanzo. Mama alikuwa analipia ugonjwa.

“Lakini asubuhi hushika vizuri,” akanibishia. Ndiyo, mama. Asubuhi bati ni baridi.

Kuzima ruta na kuiwasha kila saa hakutibu chochote. Kunakupa dakika kumi za matumaini. Na wale wanaongoja mkongo wa mradi wa barabara ya Eldoret–Nadapal, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015: hata ukifika getini, kutoka getini hadi chumbani utakutana na waya uleule. Dishi la Starlink, lililoingia Kenya mwaka 2023, nalo halitaponya kebo mbovu ya vyumbani.

Basi fanya hivi. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya mzima, tuma ping, yaani ujumbe mfupi wa kupima unaosubiri jibu, kwa ruta, halafu kwa redio, halafu nje. Majibu yakianza kupotea kwenye ruta au redio, kosa ni lako. Yakipotea nje tu, mpigie mtoa huduma, na akikupuuza peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kebo iwe ya shaba tupu, ganda jeusi la nje, kipande kimoja kisichozidi mita 100, ndani ya bomba. Ikwangue kwa wembe dukani kabla ya kulipa. Muuzaji akikasirika, rudisha wembe mfukoni uondoke. Na kama redio yako inatumia umeme wa sola na betri imechoka, anza na hiyo.

Mama tulimvutia mita 30 za shaba. Amerudi Mbps 5. Juzi alinipigia simu, safari hii kuuliza kama mbuzi hula ganda jeusi.