Jina la Nani Liko Kwenye Leseni?

Marekani hakuna leseni ya fundi AC. Ziko nyingi, na hazifanani. Ukivuka mpaka wa jimbo, ulichoruhusiwa jana kinaweza kukufikisha mahakamani leo. Nimeamua kulieleza hili hapa kwa sababu mbili. Kwanza, kila mwaka wapo wenzetu wanaocheza ile bahati nasibu ya viza huku wanasema "nikifika nitafanya kazi yoyote, hata ufundi". Pili, sisi wa kitivo cha elimu tunaambiwa kwamba leseni inakuja na kwetu, kwa hiyo si vibaya kuangalia waliotutangulia wanapima nini hasa wanapompa mtu leseni.

Tuanze na kitu kimoja ambacho ni cha nchi nzima. Yeyote anayefungua mfumo wa gesi ya kupoozea, iwe friji la dukani au kiyoyozi cha ghorofa, lazima awe na cheti kinachoitwa 608. Namba hiyo imetoka kwenye kifungu cha 608 cha sheria yao ya hewa safi, na cheti kimekuwa cha lazima tangu Novemba 1994. Chanzo chake ni tundu la ozoni. Gesi za zamani zilizokuwa zikitumika kwenye majokofu zilikuwa zinaitoboa ozoni, dunia ikakubaliana Montreal mwaka 1987 kuzipunguza, na Marekani ikapiga marufuku kuziachia hewani kwa makusudi. Yaani ile "pssss" ambayo fundi wa mtaani anaiachia kabla ya kujaza gesi mpya, kule ni kosa. Gesi inanyonywa kwa mashine na kuhifadhiwa kwenye mtungi.

Mtihani wa 608 ni wa kuchagua majibu. Kuna sehemu ya msingi ambayo kila mtu anaifanya, halafu sehemu tatu kulingana na mitambo: vifaa vidogo, mitambo ya mgandamizo mkubwa, na mitambo ya mgandamizo mdogo. Kila sehemu ina maswali 25 na ufaulu ni asilimia 70. Ukifaulu zote unapewa cheti cha jumla, na hakiishi muda wake. Hakuna anayekuona ukishika spana. Mtu anaweza kukipata bila kuwahi kulegeza nati moja.

Kwa hiyo cheti hicho kinalinda anga. Nyumba ya mteja hakiigusi. Nyumba ni kazi ya jimbo, na hapo ndipo mambo yanapochanganya.

Chukua Texas, ambako joto la kiangazi halina mchezo na karibu kila nyumba ina AC. Jimbo linatoa leseni ya mkandarasi wa viyoyozi na majokofu katika madaraja mawili. Daraja A halina kikomo cha ukubwa. Daraja B linaishia kwenye mitambo ya kupoza isiyozidi tani 25. Tani hapa si uzito wa mashine. Ni kipimo cha kale cha nguvu ya kupoza, kilichotokana na barafu ya tani moja inayoyeyuka kwa saa 24. Ile AC ya ukutani ambayo dukani wanakuambia ni "ya 12,000" ni tani moja. Piga hesabu ya AC 25 za namna hiyo, hapo ndipo mwenye daraja B anaposimama.

Nenda Colorado sasa. Jimbo halina leseni ya fundi wa joto na baridi kabisa. New York nako hakuna ya jimbo zima. Kazi hiyo wameziachia halmashauri, na kila jiji lina utaratibu wake. Massachusetts nayo ina mtazamo wa tatu: leseni ya jimbo ya fundi wa majokofu inahitajika mtambo ukifika tani 10, kwa hiyo AC nyingi za nyumbani haziguswi na leseni hiyo. Lakini gesi ya kupikia na kupashia joto? Hapo hawana utani. Kuna bodi ya kuwatahini mafundi bomba na mafundi gesi, kuna ngazi kuanzia mwanagenzi hadi fundi mkuu, na hata mwenye nyumba haruhusiwi kujifungia bomba la gesi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kila kazi inaombewa kibali na mkaguzi anapita.

Kwa nini baridi wailegezee na gesi waikazie? Jibu fupi ni kwamba AC ikifungwa vibaya utatoka jasho. Mtambo wa gesi ukifungwa vibaya, moshi wake unarudi ndani ukiwa na kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza isiamke. Au bomba linavuja na jengo linalipuka.

Jibu refu linapitia shuleni, na kwangu mimi ninayesomea ualimu ndiyo sehemu iliyonifanya nisiache kusoma. Mji unaitwa New London, mashariki mwa Texas, katikati ya visima vya mafuta. Shule ilikuwa tajiri, jengo la kisasa lenye fremu ya chuma. Badala ya boila moja ya kupashia joto, walitawanya hita za gesi jengo zima. Mapema mwaka 1937 bodi ya shule ilikatisha mkataba wa gesi ya kununua ili kubana matumizi, na shule ikaunganishwa kwenye bomba la mabaki ya gesi kutoka visimani, gesi ambayo kampuni za mafuta zilikuwa zinaichoma tu kama taka. Watu wengi wa eneo hilo walifanya hivyo.

Gesi asilia haina harufu. Ilivuja taratibu ikajaa kwenye uwazi mkubwa chini ya sakafu. Tarehe 18 Machi 1937, saa tisa alasiri imepita, dakika chache kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, mwalimu wa ufundi aliwasha mashine ya umeme ya kupiga msasa. Cheche ikatosha. Walikufa takriban watu 300, wengi wao wanafunzi.

Bunge la Texas halikungoja mwaka uishe. Lilipitisha sheria ya kutia gesi harufu mbaya ili mtu agundue inapovuja. Ile harufu kama yai bovu unayoisikia ukifungua mtungi hosteli (najua hairuhusiwi, na najua mnayo) imewekwa kwa makusudi, kwa sababu hiyohiyo. Mwaka huohuo likapitisha pia sheria ya kuwasajili wahandisi, kwamba mtu asijiite mhandisi na kuchora mitambo ya umma bila jimbo kumtambua. Sheria nyingi za leseni zina historia ya namna hii. Ukiuliza kwa nini kifungu fulani kipo, mara nyingi utaonyeshwa tarehe ya msiba.

Sasa turudi kwenye upimaji, maana hili ndilo somo letu. Mtu anayetaka leseni ya mkandarasi Texas hafanyi mtihani tu. Anatakiwa aonyeshe miezi 48 ya kazi kwa vitendo chini ya mkandarasi mwenye leseni, ndani ya miezi 72 iliyopita. Ona walivyoweka ukomo nyuma. Uzoefu wa miaka kumi na tano iliyopita hauhesabiwi, kwa kuwa mkono unasahau na mitambo inabadilika. Gesi mpya kama R-32 zinashika moto kidogo, jambo ambalo fundi wa zamani hakuwa na haja ya kulifikiria.

Mimi naona utaratibu huu ni wa haki kuliko mtihani peke yake, lakini una ukali wake. Fikiria Mkongo anayezungumza Kiswahili, na Texas wapo wengi waliopelekwa kama wakimbizi. Tuseme alikuwa fundi majokofu Bukavu miaka kumi. Anaweza kusajiliwa kama fundi na kuanza kazi chini ya mkandarasi mara moja, hilo halina shida. Lakini kufungua biashara yake mwenyewe ni jambo jingine, kwa sababu bosi wake wa Bukavu hakuwa na leseni ya kuonyesha. VETA hapa kwetu ina njia ya kumtathmini fundi aliyejifunza mtaani, anakuja anafanya kazi mbele ya mtathmini na ujuzi wake unatambuliwa. Kwa hilo, sisi tumewazidi.

Ila kuna kitu ambacho mtihani hauwezi kukipima na miezi 48 haiwezi kukipima, nacho ni nani ataulizwa. Leseni ya mkandarasi inaambatana na bima, na jina la mwenye leseni ndilo linalobeba kazi za mafundi wote walio chini yake. Ndiyo maana kuazimisha jina ni kosa kubwa kuliko kutokuwa nalo.

Mfano ni New York, Machi 26, 2015. Katika mtaa wa East Village, mwenye jengo alitaka wapangaji wake wa juu wapate gesi haraka. Mabomba yakaunganishwa kwa siri, yakifichwa wakaguzi wanapokuja. Yalilipuka. Watu wawili walikufa na majengo matatu yakaanguka. Aliyefanya kazi ya bomba hakuwa na leseni. Kwenye karatasi kulikuwa na jina la fundi mwingine, mwenye leseni halali kabisa, aliyekubali itumike. Mwaka 2019 mahakama iliwatia hatiani kwa kuua bila kukusudia mwenye jengo, mkandarasi na fundi asiye na leseni. Yule aliyeazimisha jina alikiri kosa lake. Mtihani alikuwa ameufaulu, miaka yake ya kazi anayo, na hakuna hata kimoja kilichomsaidia mpangaji.

Hapa chuoni tunajua biashara hiyo ina sura gani. Mtu anamfanyia mwenzake risachi, jina linawekwa la mwingine, wote wanacheka. Na ufundi wa umeme mtaani una hadithi zake za mihuri ya kuazima, nani asiyezijua.

Sheria ya bodi ya kitaalamu ya walimu ya mwaka 2018 inazungumzia usajili na leseni ya mwalimu. Mijadala yetu kwenye vimbweta imeishia kwenye mtihani: utakuwa mgumu kiasi gani, utalipiwa shilingi ngapi. Mimi ningependa tuulize kuhusu BTP. Mwalimu mwenyeji anayesaini fomu yako kwamba umefundisha vipindi vyote, na mhadhiri anayepita dakika arobaini kukukagua, je, majina yao yataandikwa popote karibu na la kwako? Na ukija kuharibu darasa la watoto 80, kuna yeyote kati yao atakayepigiwa simu?