Kutambua Nyakati za Vitenzi katika Sentensi Changamano za Kiingereza

Ndugu msomaji, soma sentensi hizi mbili:

“When the priest arrived, the old man died.”
“When the priest arrived, the old man had died.”

Zinatofautiana kwa neno moja tu, “had”. Katika ya kwanza padre alifika, ndipo mzee akafariki. Katika ya pili mzee alikuwa amekwisha kufariki kabla padre hajafika. Kwa Mkristo hilo si jambo dogo, kwani Mpako wa Wagonjwa hupewa mgonjwa aliye hai, si marehemu. Anayeliruka neno hilo hapotezi alama za mtihani tu, bali anaelewa habari nyingine kabisa.

Sentensi changamano ina kishazi huru na kishazi tegemezi kimoja au zaidi, na kila kishazi kina kitenzi chenye wakati wake. Kwa hiyo usiulize, “Sentensi hii iko katika wakati gani?” Uliza swali hilo kwa kila kishazi. Fuata hatua hizi:

1. Tafuta maneno yanayoanzisha vishazi tegemezi, kama “when”, “because”, “after”, “before”, “if”, “although”, “who”, “which” na “that”.

2. Tafuta vitenzi vinavyobeba wakati. Katika “The boys want to go home”, ongeza “yesterday”. “Want” itageuka kuwa “wanted”, lakini “to go” itabaki vilevile. Basi “to go” haibebi wakati, iache.

3. Chukua kitenzi pamoja na visaidizi vyake vyote. Kisaidizi cha kwanza ndicho kinachotaja wakati: “had” ni uliopita, “has” ni uliopo, “will” ni ujao.

Tujaribu: “The seminarians who had been praying since dawn were hungry when the rector called them.” Kishazi huru ni “The seminarians were hungry”, wakati uliopita sahili. “Had been praying” ni wakati uliopita timilifu wa kuendelea, na “called” ni uliopita sahili. Angalia kwamba kitenzi kinachotangulia kuonekana sicho kitenzi cha kishazi huru.

Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni “atakapofika”. Kwa kuwa tunasikia wakati ujao ndani yake, tunaandika “when the bishop will arrive”. Kiingereza husema “When the bishop arrives, we will sing.” Umbo ni la wakati uliopo, maana ni ya wakati ujao.

Wa pili ni “kabla hajafika”. Kiswahili hutumia ukanushi, Kiingereza hakitumii: “before he arrives”. Ukiandika “before he has not arrived”, umekosea.

Wa tatu ni “alisema anaumwa”. Sisi huacha kitenzi cha pili katika wakati uliopo. Kiingereza kwa kawaida hukirudisha nyuma: “He said that he was sick.” Hapa “was” haimaanishi kwamba aliugua kabla ya kusema; aliumwa wakati uleule aliposema. Kama ugonjwa ulitangulia, tungeandika “had been sick”.

Sasa jipime, ukifunika jibu kwa mkono: “If it rains before we finish, the workers who came yesterday will be waiting inside.”

Jibu: “rains” na “finish” ni wakati uliopo sahili wenye maana ya ujao, “came” ni uliopita sahili, “will be waiting”, kitenzi cha kishazi huru, ni wakati ujao wa kuendelea.

Ukipata vyote vinne, chukua aya moja ya kitabu unachosoma darasani ufanye vivyo hivyo kila siku. Baada ya muda hutahitaji kuhesabu hatua.