Mabwana Walivaa kwa Mkopo

Anayetaka kuwajua wakubwa wa Ulaya ya karne ya 19 hukimbilia picha zao za kuchorwa. Heri aanze na fundi wao wa nguo. Henry Poole alirithi biashara ya baba yake jijini London mwaka 1846, na madaftari ya wateja wa duka hilo la Savile Row, kuanzia mwaka huohuo, yametunzwa mpaka leo. Wamo Charles Dickens, Napoleon III na Edward, mrithi wa Malkia Victoria. Mchoraji alikuwa akimpendeza anayemlipa. Fundi aliandika ili asisahau anachodai, ndiyo maana neno lake lina uzito zaidi. Mwaka 1865 Edward aliagiza koti fupi la hariri ya buluu, la kuvaa wakati wa chakula cha jioni nyumbani kwake Sandringham, badala ya koti rasmi lenye mikia. Agizo hilo moja linaeleza jinsi mwana wa mfalme alivyotaka kustarehe kuliko picha yoyote ya kifalme.

Ila jambo zito zaidi ni deni. Mabwana hawa walivaa kwanza, wakalipa baadaye, na wengine walichelewa mno. Kumbana mteja mwenye cheo kungemfukuza yeye na marafiki zake, kwa hiyo fundi alivumilia. Poole alipofariki mwaka 1876 aliacha biashara imelemewa na madeni, na binamu yake, Samuel Cundey, akabaki na kazi ngumu ya kuyafuatilia. Fahari ya watawala, basi, iligharimiwa kwa sehemu na mfuko wa fundi.

Wapo watakaosema daftari la namna hii linamtaja mnunuzi na kumfuta aliyeshona. Ni kweli, na ni upungufu mkubwa. Lakini kila agizo lina tarehe. Mwaka 1849 na 1850 mwandishi Henry Mayhew aliwahoji washonaji wa London katika gazeti la Morning Chronicle, wakamweleza miezi ya kazi tele, matajiri wanapojaa mjini, na miezi ya kukaa bure bila ujira. Ukizipanga tarehe za maagizo kwa miezi, kisha ukazisoma pamoja na maneno yao, daftari la tajiri linaanza kutoa ushahidi kuhusu njaa ya mshonaji.