CHAKULA NA USIKIVU WA MASIKIO

Wahenga walisema kuwa sikio halilali na njaa, kwa maana habari hulifikia daima. Hata hivyo, sikio ni kiungo cha mwili, nalo huhitaji lishe. Jambo hili lawahusu wanachama wa Shinyanga na Geita, ambako wengi hufanya kazi penye kelele za vinu vya kuchambulia pamba na za makarasha yasagayo mawe ya dhahabu.

Ndani ya kila sikio mna chembe hai zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu. Chembe hizo hutegemea vijishipa vidogo mno vya damu. Kisukari na shinikizo la damu visipotibiwa huweza kuviharibu vijishipa hivyo na kupunguza usikivu. Kwa hiyo, chumvi nyingi, sukari nyingi na tumbaku si adui wa moyo peke yake.

Ipo pia vitamini iitwayo folati. Utafiti uliofanywa nchini Uholanzi na kutangazwa mwaka 2007 uliwahusu watu 728 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Wale waliopewa folati kila siku kwa miaka mitatu, usikivu wao wa sauti nzito ulipungua polepole kuliko wa wenzao. Tofauti ilikuwa ndogo, na kwa sauti nyembamba haikuonekana. Basi si sababu ya kukimbilia vidonge, bali ni sababu ya kutazama chungu cha nyumbani.

Folati hupatikana katika dengu, choroko, kunde, karanga na mchicha, yaani mazao ambayo wanachama huyalima wenyewe. Kaya inayouza dengu na choroko zake zote, ikabaki na ugali na michembe mitupu, huuza pamoja na mazao hayo sehemu ya afya yake.

Lakini ieleweke kwamba chakula hakimkingi mtu na kelele. Madhara ya kelele huanzia kwenye sauti nyembamba, na chembe za sikio zikifa hazioti tena. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 ndiyo mpaka wa hadhari. Ikifika 88, muda huo hupungua hadi saa 4. Asiye na kipimo atumie alama hii: ikimlazimu kupaza sauti ili asikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, mahali hapo pana hatari.

Makatibu wa vyama wanaombwa kuwakumbusha wanachama, siku za mizani, kubakiza akiba ya kunde na dengu za kula. Wenye kufanya kazi vinuni na kwenye makarasha wavae vizibo vya masikio, na anayesikia mvumo usiokoma aende kituo cha afya bila kuchelewa. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa uziwi wa kelele, tiba ya kurudisha chembe zilizokufa haipo.