Insulini ya muda mrefu: Ufanye nini ukibadilishiwa aina?

Umezoea insulini nyeupe kama maziwa. Safari hii kituo cha afya kimekupa chupa yenye dawa angavu kama maji, ya kuchoma mara moja kwa siku. Au ndugu aliye mjini amekutumia kalamu ya insulini usiyoijua. Je, ni dawa ileile? Hapana. Soma hapa ujue tofauti.

Aina zilizopo

Insulini hizi hudhibiti sukari kati ya mlo na mlo, na usiku ukiwa umelala. Majina yafuatayo utayaona kwenye boksi:

- NPH: Ni nyeupe, na huviringishwa taratibu mikononi kabla ya kuchoma. Nguvu yake hufika kilele baada ya saa 4 hadi 10, na hudumu takriban saa 12 hadi 18. Wengi huichoma mara mbili kwa siku.
- Glargine: Ni angavu. Hufanya kazi karibu saa 24 bila kilele kikubwa. Usiichanganye na insulini nyingine kwenye bomba moja.
- Detemir: Ni angavu. Hudumu hadi saa 24, lakini baadhi ya wagonjwa huichoma mara mbili.
- Degludec: Ni angavu. Hudumu zaidi ya saa 40, na huchomwa mara moja kwa siku.

Angalizo: insulini ya muda mfupi nayo ni angavu. Usiitambue dawa kwa rangi. Soma jina kila mara. Kama husomi, omba mhudumu akuwekee alama kwenye chupa.

Je, NPH ni dawa duni?

Hapana. NPH ni ya bei nafuu na imesaidia wagonjwa kwa miaka mingi. Tatizo lake ni kile kilele. Ukichoma jioni kisha ukalala njaa kwa sababu mgao umeisha, sukari inaweza kushuka usiku ukiwa usingizini. Aina nyingine tatu hupunguza hatari hiyo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Lakini kama sukari yako imetulia kwa NPH, huna sababu ya kuuza chakula cha familia ili ununue nyingine. Kama sukari hukushuka usiku mara kwa mara, mweleze daktari.

Ukibadilishiwa

Usihamishe kipimo cha zamani kwenye dawa mpya. Mtu anayetoka NPH mara mbili kwenda glargine mara moja, kwa kawaida daktari humpunguzia kipimo. Uliza: uniti ngapi, saa ngapi, na bomba lipi. Usitumie dawa ya jirani. Wala usiache kuchoma ukisubiri dawa ifike, hasa kama una kisukari cha aina ya kwanza: wahi kituo cha afya siku hiyohiyo.

Sukari ikishuka

Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa kali na kuchanganyikiwa. Kunywa maji yenye vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari. Rudia baada ya dakika 15 kama hujapata nafuu, kisha kula chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Mpelekeni hospitali haraka.

Bila friji

Utafiti uliohusisha kambi ya Dagahaley, Dadaab, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa insulini za kawaida, NPH ikiwemo, zilibaki na nguvu kwa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Weka chupa ndani ya mfuko usiopenya maji, kwenye chungu cha udongo chenye ubaridi, mbali na jua na moto. Kwa aina nyingine, fuata maelekezo ya boksi. Insulini iliyoganda barafu, au iliyopaswa kuwa angavu ikawa na ukungu, usiitumie.

Siku ya kliniki, nenda na chupa yako na boksi lake. Mhudumu akiviona, atajua unachotumia.